Mlango Usioshika

Nyumba yaweza kuwa na kuta imara na paa zuri, lakini mlango wake usiposhika, wenyeji hawalali kwa amani. Upepo wa usiku huusukuma ukagonga ukuta. Mbuzi na kuku huingia wakala unga. Na mtoto anayetambaa hutoka nje mama yake asijue, akaelekea kisimani. Watu wengi huliona jambo hili kuwa dogo. Huuegemeza mlango jiwe, wakasema, "Kesho tutamwita fundi." Kumbe aghalabu ni kazi ya saa moja tu, na kijana wa shule aweza kuifanya, mradi ajue kwanza ubovu uko wapi.

Milango ya kale ya Unguja na Lamu haikutiwa bawaba. Ilizunguka juu ya ncha za mti zilizoingizwa katika matundu, juu na chini. Mlango wa siku hizi hushikwa upande mmoja na bawaba mbili au tatu, zilizokazwa kwa parafujo katika mwimo. Upande wa pili una kitasa. Ndani ya kitasa mna ulimi wa chuma unaosukumwa nje na kamani. Uso mmoja wa ulimi umekatwa mshazari. Mlango ufungwapo, ulimi hukutana na bamba la chuma lililopigiliwa katika mwimo, ukarudi ndani. Kisha ufikapo penye tundu la bamba, huruka ukaingia humo. Basi ulimi usipolielekea tundu, hata mlango ukisukumwa kwa nguvu nyingi hautashika.

Ili kujua ulimi wagonga wapi, mtu huupaka chaki au masizi ya chungu, akaufunga mlango polepole, kisha akaufungua. Alama iliyobaki juu ya bamba ndiyo itakayomwonyesha. Alama ikiwa chini ya tundu, mlango umeshuka. Alama ikiwa sawasawa na tundu, na ulimi hauingii, yafaa kutazama ndani ya tundu, kwa maana huenda limejaa rangi au vumbi, au nyigu wamejenga humo kwa udongo. Hapo lililotakiwa ni kulisafisha tu, au kulichimba zaidi kidogo kwa patasi. Na kama ulimi wenyewe ni mzito kutoka, husafishwa na kutiwa mafuta kidogo.

Sababu iliyo ya kawaida ni mlango kushuka. Uzito wote wa mlango huvuta bawaba ya juu itoke katika mwimo, na watoto wapendao kubembea mlangoni huzidisha taabu. Mtu na aushike mlango kwa upande wa kitasa, auinue juu. Ukicheza, parafujo zimelegea, nazo hukazwa kwa bisibisi. Lakini parafujo ikizunguka tu pasipo kukaza, tundu lake limepanuka. Hapo mlango hutiwa kabari chini usiangukie mtu, parafujo ikatolewa, na kijiti cha mti mkavu kikachongwa, kikapakwa gundi na kugongwa tunduni. Gundi ikiisha kukauka, kijiti hukatwa usawa na mwimo, katikati yake hutobolewa kitundu chembamba, na parafujo hurudishwa. Sasa itauma kama ilivyouma siku ya kwanza.

Ikiwa baada ya kukaza bawaba alama ingali chini kidogo, kiasi cha unene wa ukucha, ukingo wa chini wa tundu la bamba hupanuliwa kwa tupa. Ikizidi kiasi hicho, bamba hung'olewa likashushwa. Ulimi usiguswe kwa tupa, kwa sababu ukipunguzwa utashika kidogo tu, na mwizi ataufungua kwa urahisi. Tena mtu asianze na tupa kabla ya kukaza bawaba. Bawaba iliyolegea itazidi kushuka, naye atapanua tundu kila mwezi asipate faida.

Iko sababu nyingine, nayo ni maji yaliyo hewani. Wakati wa masika ubao hunywa unyevu ukavimba. Hauongezeki urefu ila kidogo sana. Huongezeka upana, hata ukabana katika miimo. Mtu mmoja aliona mlango wake umebana katikati ya masika. Akaupiga randa mara nyingi mpaka ukafunga vizuri, akafurahi. Kiangazi kilipokuja ubao ulikauka ukasinyaa, nafasi ikawa pana hata mwanga ukapita, na ulimi haukulifikia tundu tena. Usiku mmoja mlango ulifunguka wenyewe, mbuzi wakaingia, na asubuhi mkewe akakuta mbegu za mahindi zilizowekwa kwa kupanda zimeliwa zote. Ikambidi apigilie ufito ukingoni mwa ubao alioupunguza kwa mkono wake mwenyewe, na mbegu akakopa kwa jirani.

Kwa hiyo mlango unaobana wakati wa mvua tu usiharakishwe. Hungojewa mpaka ukauke. Na kama unabana bado, hupunguzwa kidogo kidogo pale palipong'aa kwa kusuguliwa. Kisha kingo zote, hata za juu na chini, hupakwa rangi au mafuta ili unyevu usiingie.

Fundi mzuri hajulikani kwa wingi wa vyombo vyake. Hujulikana kwa kuwa hutazama kwanza, ndipo akakata. Maana ubao uliokwisha kukatwa haurudi. Na mwenye nyumba mwenye busara hakazi parafujo siku mlango uangukapo, bali siku aionapo imelegea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.