MAJI MACHAFU YA NYUMBANI NA AFYA YA WAZEE WETU



Katika nyumba nyingi za jamii yetu hapa Johannesburg, maji ya kuoshea vyombo na kufulia humwagwa kwenye mfereji wa barabarani, kwa kudhani kuwa yatakwenda yaendako maji ya chooni. Sivyo. Mji huu una njia mbili zilizotengana. Maji ya sinki, bafu na choo hupita katika mabomba hadi mitambo ya kuyasafisha, kama ule wa Northern Works ulio karibu na Diepsloot. Mfereji wa barabarani ni wa mvua. Humwaga mtoni bila ya kusafishwa. Mto Jukskei, unaoanzia karibu na uwanja wa Ellis Park, hupokea uchafu huo na kuupitisha Alexandra, kwenye makazi ya maelfu ya watu.

Balaa la pili ni mafuta. Mafuta ya kukaangia sambusa na bajia yakimwagwa kwenye sinki hupoa, hugandamana ndani ya bomba, na nepi zinazotupwa chooni hunasa hapo. Bomba likiziba, maji ya choo hufumka mlangoni petu wenyewe, yakaingia viatuni na katika nguo tunazosalia.

Waumiao mapema ni watoto wachanga na wazee. Mwili wa mzee una akiba ndogo ya maji, na hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosonga. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu nazo huutoa maji. Kuhara ambako kijana hukustahimili, mzee kwaweza kumharibu figo, au kumtia kizunguzungu akaanguka na kuvunjika nyonga. Tena sisi wazee tumelelewa na haya; tumbo likiharibika, twaficha hata mbele ya wanetu. Haya hiyo imezika watu.

Basi tufanye haya: mafuta yaliyotumika tuyatie katika kopo, yakiganda tuyatupe na taka. Maji ya ndoo tuyamwage chooni au bafuni. Tukiona uchafu unafumka, tuwaarifu Johannesburg Water siku hiyo hiyo, na watoto wasichezee hapo.

Mzee akiharisha, achanganyiwe lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vilivyosawazishwa, anywe kidogo kidogo. Akilegea, akichanganyikiwa au akikosa mkojo, apelekwe hospitali mara moja. Tusizuiwe na hofu ya makaratasi: Katiba ya nchi hii ya 1996, kifungu cha 27, yasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Tohara tunayoihifadhi kwa ajili ya sala haiishii kizingitini. Jirani wa bondeni naye ana mama mzee.

Wabillahi tawfiq.