Rangi za Kuta za Nyumba za Mawe: Namna ya Kuzichagua na Kuzijaribu

Kila zinapomalizika mvua za masika, baadhi ya kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar huonekana zimevimba na kumenyeka vipande vipande. Wakaazi wengi huilaumu rangi kuwa ni hafifu, na mwaka unaofuata hununua iliyo ghali zaidi. Mara nyingi kosa haliko katika ubora wa rangi hiyo, bali katika aina yake. Kwa nyumba ya mawe, swali la kwanza ni rangi gani ukuta unaweza kuipokea. Uzuri wa rangi hufuata baadaye.

Nyumba kongwe za mji huo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na udongo, na sakafu za ghorofa zake hubebwa na boriti za mikoko. Kuta zake ni nene na hunyonya maji kutoka ardhini, kutoka katika mapaa yanayovuja na hata katika hewa ya bahari. Ukuta uliopakwa chokaa huyatoa maji hayo kidogo kidogo, na jua na upepo huyakausha. Rangi ya plastiki, rangi ya mafuta na lipu ya saruji huiziba njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi. Chumvi huganda nyuma ya rangi na kuisukuma nje. Na ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza bila ya kuonekana. Rangi iliyobanduka hurudishwa kwa siku moja. Boriti iliyooza huweza kuiangusha sakafu nzima, na walio chini yake.

Kabla ya kununua chochote, inafaa kujua ukuta umepakwa nini. Ukinyunyiziwa maji yakanywewa papo hapo, na kiganja kikipitishwa kikatoka na vumbi jeupe, hiyo ni chokaa. Maji yakiteleza, ni plastiki au mafuta, na kupaka chokaa juu yake ni kazi bure, kwani haitashika. Rangi hiyo haina budi kuondolewa kwanza. Rangi kuukuu za mafuta huweza kuwa na madini ya risasi, hivyo zikwanguliwe zikiwa zimeloweshwa, na watoto wawekwe mbali. Unyevu nao hupimwa kwa njia nyepesi: kipande cha nailoni hubandikwa ukutani na kuzibwa kingo zote kwa siku moja. Nailoni ikiota matone kwa ndani, ukuta bado unatoa maji, na chanzo chake kitafutwe kabla ya kumwita fundi wa rangi.

Baada ya hapo ndipo uchaguzi wa rangi huanza. Chokaa nyeupe ina faida ambayo wazee waliijua vyema: katika vichochoro vyembamba, ukuta mweupe huurudisha mwanga na kuuingiza katika madirisha ya jirani. Anayetaka rangi nyengine huchanganya chokaa na rangi ya unga. Zile zinazotokana na udongo, kama nyekundu na manjano iliyopoa, hustahimili ukali wa chokaa. Nyengine, zikiwemo baadhi ya buluu, hupauka au hugeuka kabisa. Kwa hiyo, kijiko kimoja cha unga huo kichanganywe na chokaa katika chupa na kuachwa siku mbili tatu. Ikibadilika chupani, itabadilika ukutani.

Chokaa iliyo majimaji huwadanganya wengi. Ikipakwa huonekana kama haijafunika kitu, nayo hung'ara kadiri inavyokauka. Iliyotiwa rangi hukauka ikiwa nyepesi mno kuliko ilivyokuwa ndooni. Kwa sababu hiyo, kadi ndogo ya dukani haitoshi kuwa kipimo. Ipakwe sehemu ya mraba wa nusu mita mahali pawili, karibu na dirisha na katika pembe yenye giza, kwa idadi ile ile ya mikono itakayopakwa ukuta mzima. Itazamwe ikishakauka, asubuhi, adhuhuri na usiku chini ya taa. Kwa nje ikumbukwe kwamba ukuta unaoelekea kibla, yaani kaskazini, hupigwa na jua la mchana kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na wa kusini katika miezi iliyobaki. Rangi iliyopendeza Juni huenda ikaumiza macho Januari.

Upakaji wenyewe hauna siri kubwa: ukuta uliorowanishwa, chokaa nyepesi mfano wa tui la mkamuo wa pili, mikono minne au mitano, na siku moja kati ya mkono na mkono, mbali na jua kali. Chokaa huunguza, ikiingia jichoni, lioshwe mara moja kwa maji mengi na mtu apelekwe hospitali.

Maelezo haya hayahusu majengo ya matofali ya saruji, kama majumba ya Michenzani, ambayo rangi ya maji huyafaa, mradi lipu mpya ipewe kiasi cha mwezi mmoja kukauka.

Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Mwenye nyumba anayekusudia kubadilisha lipu au rangi ya nje anatakiwa aonane kwanza na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mpangaji wa nyumba ya Serikali au ya Wakfu apitie kwa mwenye nyumba wake. Rangi ya ukuta mmoja ichanganywe yote kwa mara moja, kwani ndoo ya pili hailingani na ya kwanza. Chokaa iliyozimwa ikabaki huhifadhiwa ndani ya chombo, ikifunikwa kwa maji, nayo hukaa kwa miaka bila ya kuharibika.