Sheria Imebatilika, Hatia Imebaki

Swali hili nimekwisha kuulizwa hata nikachoka, na kila aliulizaye huliuliza kwa yakini ya mtu ambaye jawabu analo tayari: kwa kuwa Mahakama ya Juu ya Kenya ilitamka, tarehe 14 Desemba 2017, katika shauri la Muruatetu, kwamba kumlazimisha jaji amhukumu kifo kila muuaji ni kinyume cha Katiba, je, ndugu yetu aliyehukumiwa miaka mingi kabla ya hapo atatoka lini?

Hatoki. Mahakama haikusema kwamba aliyeua hakuua, wala haikuiondoa adhabu ya kifo. Ilichokibatilisha ni ule ulazima uliomo katika kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, uliomnyima jaji hiari ya kuutazama umri wa mtu, na majuto yake, na uchokozi aliofanyiwa, hata kijana aliyeteleza mara ya kwanza akasomewa hukumu ile ile ya jambazi sugu.

Wajuaji hunitolea mfano wa uchaguzi wa Mombasa, nao ni mfano wa kweli: mwaka 2014 mahakama hiyo hiyo ilikibatilisha kifungu cha Sheria ya Uchaguzi kilichozihesabu siku 28 za kufungua shauri tangu matokeo yachapishwe katika Gazeti la Serikali, ilhali Katiba yazihesabu tangu yatangazwe, na shauri lililofunguliwa tarehe 10 Aprili 2013, juu ya matokeo yaliyotangazwa tarehe 6 Machi, likahesabiwa kuwa limechelewa, ingawa mwenyewe aliifuata sheria aliyoikuta. Naam, ubatili ule ulirudi nyuma, lakini uliikuta daawa ingali hai mbele ya majaji. Hukumu iliyokwisha haifufuki ila kwa mlango ambao mahakama yenyewe imeufungua, na anayekuuzia karatasi ya kutokea gerezani kwa jina la Muruatetu anakula fedha zako bure.

Mlango wenyewe ni huu. Aliyehukumiwa kwa kuua apeleke Mahakama Kuu ombi la kupangiwa adhabu upya. Kama ana rufani katika Mahakama ya Rufaa, aiondoe kwanza. Aje na ushahidi wa mwenendo wake gerezani, na ajue kwamba kifo chaweza kutamkwa tena. Wa wizi wa mabavu hawamo: maelekezo ya tarehe 6 Julai 2021 yalisema waziwazi kwamba wanaokipinga kifungu chao wafungue shauri lao wenyewe katika Mahakama Kuu, na likibidi lipande mpaka Mahakama ya Rufaa.