Eropleni Zituazo Juu ya Mafungu ya Mchanga

Leo twapenda kusema nanyi habari za kazi ambayo watu wengi hawaijui, nayo ni kazi ya kutua na eropleni ndogo mahali pasipo kiwanja: juu ya fungu la mchanga katikati ya mto, juu ya changarawe, juu ya theluji, hata juu ya matope ya pwani maji yakupwapo. Mtu akisikia jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni mchezo wa watu wasiopenda maisha yao. Sivyo hata kidogo. Kazi hii ina kanuni zake, kama ubaharia ulivyo na kanuni zake. Azishikaye hurudi kwao salama, na azidharauye aghalabu harudi. Basi tutazieleza moja moja, pamoja na sababu zake.

Nchi iliyo mashuhuri kwa kazi hii ni Alaska, iliyo kaskazini-magharibi mwa bara la Amerika. Serikali ya Marekani iliinunua kwa Warusi mwaka 1867, nayo ikafanywa jimbo kamili la Marekani mwaka 1959. Ukubwa wake wapita maili mraba 660,000, yaani yakaribia kuwa mara mbili ya Tanzania, walakini watu wake hawafiki hata milioni moja. Imejaa milima, vinamasi na mito ya barafu, na vijiji vyake vingi havina barabara hata moja ya kuvifikia. Zamani watu walisafiri kwa mashua wakati wa joto, na wakati wa baridi kwa magari yasiyo na magurudumu, yavutwayo na mbwa juu ya theluji.

Tuone taabu iliyokuwako. Mwezi wa Januari 1925 ugonjwa wa dondakoo ulizuka katika mji wa Nome, ulio pwani ya magharibi, na watoto wakaanza kufa. Dawa ilichukuliwa kwa gari la moshi mpaka mji wa Nenana, na kutoka hapo zilibaki maili 674 za theluji. Eropleni chache zilizokuwa Fairbanks zilikuwa zimefunguliwa vipande na kuwekwa mpaka baridi ipite, na wenye amri hawakuthubutu kuzitegemea. Basi waendesha mbwa 20 wakapokezana dawa ile, usiku na mchana, nayo ikafika baada ya siku tano na nusu. Watu wengi waliokoka. Lakini kila mtu aliona wazi kwamba nchi kubwa kama ile yahitaji njia ya angani.

Njia hiyo ilikuwa imekwisha anza kujaribiwa. Mwaka 1922 alifika Fairbanks mwalimu wa shule, jina lake Carl Ben Eielson, aliyekuwa amejifunza kurusha eropleni katika jeshi. Mwezi wa Februari 1924 alichukua barua za posta kutoka Fairbanks mpaka McGrath, mwendo wa maili kama 280. Mbwa walitumia siku 18 au zaidi kwa safari hiyo. Yeye alitumia muda usiotimia saa tatu. Lakini aliporudi giza lilikuwa limeingia, na watu waliomngoja waliwasha moto ili apate kuona, na katika kutua eropleni yake ilipinduka ikavunjika panka la mbele. Baada ya safari chache nyingine na ajali kadhaa, idara ya posta ilikatiza kazi ile kwa muda. Hivyo twaona kwamba tangu mwanzo shida kubwa haikuwa kuruka, bali kutua.

Sasa tueleze kanuni. Ya kwanza ni mwendo wa polepole. Eropleni hubebwa na upepo upitao juu na chini ya mbawa zake. Mwendo ukipungua mno, mbawa hupoteza nguvu na eropleni huanguka. Kwa hiyo kila eropleni ina mwendo wake wa chini ambao haiwezi kuupunguza tena. Eropleni kubwa ya abiria hutua kwa mwendo wa maili zaidi ya 130 kwa saa, nayo huhitaji kiwanja kirefu cha lami. Lakini eropleni ndogo iitwayo Super Cub, iliyoanza kuundwa mwaka 1949, ambayo hupendwa sana Alaska mpaka leo, huweza kuruka kwa mwendo wa maili 45 kwa saa bila kuanguka. Faida yake ni kubwa kuliko mtu adhanivyo, kwa maana urefu wa njia ya kusimamia hauongezeki sawasawa na mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, njia huongezeka mara nne. Wanafunzi wakumbuke hesabu hii, kwani ni kweli hata kwa baiskeli ishukayo mlimani.

Kanuni ya pili ni kutua kuukabili upepo. Tuseme eropleni inaruka kwa mwendo wa maili 45 kwa saa, na upepo unavuma maili 15. Ikiukabili upepo, mwendo wake juu ya ardhi ni maili 30 tu. Ikiupa upepo mgongo, mwendo wake ni maili 60. Sitini ni mara mbili ya thelathini; basi njia ya kusimama huwa mara nne. Fungu la mchanga litoshalo kabisa upande mmoja huweza kuwa kaburi ukilijia kwa upande wa pili. Rubani huutazama upepo katika mambo madogo: moshi wa moto, majani ya miti, na viwimbi juu ya maji. Aghalabu maji yaliyo chini ya ukingo upepo utokako huwa shwari, na yale ya ng'ambo huwa na viwimbi.

Kanuni ya tatu ni kusoma ardhi kabla ya kuigusa. Rubani mwenye akili hatui mara ya kwanza alionapo fungu. Kwanza hulizunguka kwa juu, alitazame lote pamoja na njia ya kulijia na njia ya kutokea. Kisha hupita chini, kando yake, atazame magogo yaliyoletwa na mafuriko, mashimo, na mifereji iliyochimbwa na maji. Jua likiwa chini, vivuli humwonyesha mabonde na vilima vidogo ambavyo jua la utosini huvificha. Rangi nayo husema. Mchanga mkavu mweupe mara nyingi ni laini, nao huweza kuyameza magurudumu. Ulio na unyevu kidogo huwa mgumu zaidi. Na uliolowa kabisa kando ya maji huweza kuwa tope. Kokoto ndogo zilizoshikamana ni njema kuliko mchanga. Majani na vichaka vikiota juu ya fungu, hiyo ni dalili kwamba maji hayajalifunika kwa muda mrefu.

Lakini urefu wa fungu hupimwaje na mtu aliye angani? Hupimwa kwa kuhesabu. Eropleni iendayo maili 60 kwa saa hupita futi 88 katika kila sekunde moja. Rubani hupita juu ya fungu kwa mwendo huo, akihesabu tangu mwanzo wake mpaka mwisho. Akihesabu sekunde tano, fungu lina futi 440. Na kwa kuwa upepo huweza kuiharibu hesabu, hupita tena kutoka upande wa pili, akachukua hesabu iliyo kati ya zote mbili. Hapo hukaribia sana kweli. Jicho peke yake hudanganya.

Kisha lipo jaribio la mwisho. Rubani hushuka, akaugusa mchanga kwa magurudumu tu, huku injini ikivuta kwa nguvu na mbawa zingali zimeibeba eropleni. Halafu hupaa tena, akazunguka na kuzitazama alama alizoziacha. Alama zikiwa nyembamba, mchanga ni mgumu. Zikiwa na kina, au zikianza kujaa maji, huenda zake akatafute mahali pengine. Magurudumu yenyewe yametengenezwa kwa kazi hii: mipira yake ni mikubwa sana na laini, imejazwa upepo kidogo tu, ili iyapande mawe bila kudunda na isizame upesi. Wakati wa theluji magurudumu hufungiwa mbao ndefu za kuteleza, na kwa kutua majini huwekwa maboya.

Wenzetu wasemao kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, hapa wageuze methali yao. Maana katika kazi hii kushuka ni rahisi kuliko kupaa. Eropleni nyingi huweza kusimama mahali ambapo haziwezi kuondoka. Kwa hiyo rubani hujiuliza habari za kutoka kabla hajaingia. Hutembea kwa miguu njia yote, akaondoa mawe na magogo, na kuchagua alama katikati ya njia. Kanuni yake ni hii: akifika katikati hali hajapata sehemu saba katika kumi za mwendo utakiwao, aizime nguvu ya injini na kusimama. Kwa nini saba na si tano? Kwa sababu ile ile ya kwanza: saba mara saba ni arobaini na tisa, nayo ni karibu nusu ya mia. Aliyepata sehemu saba ametumia nusu ya njia. Aliyepata sehemu tano tu atamalizikiwa na njia akiwa bado chini, na mbele yake ni maji. Mzigo ukiwa mzito, huuchukua nusu nusu, akaupeleka kwanza kwenye fungu refu zaidi, ndipo aondoke na wote pamoja.

Tena mto ni kitu kinachobadilika. Barafu ivunjikapo mwezi wa Mei, mafuriko hulihamisha fungu la mwaka jana, au huligawa vipande. Na mito itokayo katika barafu ya milimani ina hila nyingine: jua kali la mchana huyeyusha barafu, na maji yake hufika chini jioni. Fungu lililokuwa kavu asubuhi huweza kufunikwa kabla ya usiku, hata kama hapakunyesha tone la mvua. Basi mtu atuaye hapo huchoma kijiti ukingoni, akakitazama mara kwa mara. Maji yakikifikia, haulizi tena, huondoka.

Mmoja wa marubani waliojulikana sana zamani hizo ni Bob Reeve wa mji wa Valdez. Wakati wa joto aliondokea kwenye matope ya pwani maji yakupwapo, kwa eropleni yenye mbao za kuteleza, ili apate kutua juu ya barafu ya milimani. Mwaka 1937 aliwapeleka Bradford Washburn na Robert Bates juu ya barafu iitwayo Walsh, katika Kanada karibu na mpaka wa Alaska. Theluji ilikuwa imelainika kwa joto lisilotazamiwa, eropleni ikazama, ikakaa siku kadhaa kabla hajaweza kuiondoa. Hakuwarudia wale wawili. Walipanda mlima Lucania, kisha wakarudi kwa miguu mwendo wa zaidi ya maili 100. Ikiwa rubani hodari kama yule alinaswa, ni dhahiri kwamba ardhi haimwogopi mtu kwa sifa zake.

Jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Katika Afrika ya Mashariki mwaka 1957 waganga watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha kazi ya madaktari waendao kwa ndege kuwafikia wagonjwa wa mbali. Kazi kama hiyo hutegemea viwanja vya udongo na majani, na viwanja hivyo hutegemea wanakijiji. Kichuguu kimoja, shimo moja la mnyama, au ng'ombe mmoja apitaye kwa ghafula huweza kuivunja eropleni iliyokuja kumwokoa mama katika uzazi. Kwa hiyo eropleni ikingojwa, njia na ikaguliwe kwa miguu tangu mwanzo mpaka mwisho, na wanyama wafukuzwe mbali. Moto mdogo wenye moshi uwashwe kando, ili rubani aujue upepo. Watu wasimame pembeni, wasisimame mwisho wa njia. Wala mtu asiisogelee eropleni mpaka panka lake limesimama kabisa, kwa maana panka lizungukalo halionekani, nalo huua.

Na rubani akizunguka mara mbili au tatu kisha akaenda zake bila kutua, tusimcheke wala tusimwite mwoga. Ameisoma ardhi, akaona asiloliona aliye chini. Mgonjwa huweza kubebwa kwa machela mpaka mahali pazuri zaidi, ijapokuwa ni taabu. Lakini eropleni iliyopinduka haimsaidii mgonjwa, na huongeza wagonjwa wengine. Katika kazi hii, kama katika nyingi nyingine, ajuaye kukataa ndiye atakayekuwako kesho watu wakimhitaji.