Jike Hataki Kiota Kilichokauka

Katika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, karibu kilomita 20 kutoka Mwanza mjini, mgeni huonyeshwa nyumba ya msonge: miti, udongo na nyasi. Ndege wa Ziwa Victoria hujengea vifaa hivyohivyo, ila wao wana mdomo na miguu tu.

Mnana ndiye hodari wa nyasi. Dume hutua kwenye tete au ukindu, hung'ata ukingo wa jani, kisha huruka akiwa ameuuma. Utepe mrefu huchanika wenyewe. Huufunga kwenye kijiti, mguu ukishikilia na mdomo ukipitisha, mpaka apate pete ya wima. Hapo ndipo pa kumtazama kwa makini. Husimama ndani ya pete bila kugeuka, akasuka chumba cha mayai mbele yake kadiri mdomo unavyofika. Kisha hujinyoosha kinyumenyume na kusuka ukumbi. Kipimo chake ni mwili wake. Mlango hutazama chini.

Kazi ikiisha hujining'iniza mlangoni kichwa chini, akipiga mabawa na kupayuka. Jike huja, huingia, huvutavuta nyuzi. Kiota kikiwa bado kibichi huenda akakubali, akaleta manyoya na nyasi laini za kutandika. Kikishageuka rangi ya kahawia bila mpangaji, dume hukifumua na kuanza upya. Jike ana sababu: utepe mbichi hupinda bila kukatika, na kiota kipya kina maisha marefu mbele yake.

Je, ufundi huo ni wa kuzaliwa nao? Nusu tu. Wanasayansi wa Marekani, Nicholas Collias na mkewe Elsie, waliwanyima minana vijana majani ya kuchezea. Walipokuja kupewa baadaye, walihangaika. Ilibidi wafanye mazoezi kwanza.

Chozi, kwa upande wake, hufungia kiota kwa utando wa buibui, na mbayuwayu hubandika vidonge vya tope. Lakini kwa ukubwa wa kiota, hakuna kati ya hawa wa kumfikia fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kishungi anayewinda vyura na samaki wadogo ufukweni. Dume na jike hupanga vijiti, vinavyoweza kufika 10,000, kwenye panda ya mti, mara nyingi karibu na maji. Jengo huweza kuwa na upana wa mita 1.5, na paa lake hubeba uzito wa mtu mzima. Njia ya kuingilia, iliyo upande wa chini, husiribwa kwa tope.

La ajabu, jozi moja huweza kujenga viota vitatu hadi vitano kwa mwaka, hata isipotaga. Huo, kusema kweli, ni uroho wa ujenzi. Hata hivyo, havikai vitupu: kanu, nyoka na nyuki huhamia, na bundi mara nyingine hasubiri wenyewe waondoke.