Sukari Iko Sawa, Ini Je?

Mtu akipimwa sukari asubuhi kabla ya kula na kuambiwa ni 5.4, hurudi nyumbani ameridhika. Kuhusu kisukari ana haki, maana ugonjwa huo huhesabiwa kuanzia milimoli 7.0 kwa lita. Ini lina hesabu nyingine. Mwili unapokuwa sugu kwa insulini, kongosho huimwaga kwa wingi zaidi, na kwa miaka kadhaa huweza kuizuia sukari isipande. Insulini hiyohiyo nyingi hulichochea ini kugeuza wanga kuwa mafuta, huku asidi za mafuta zinazovuja kutoka kitambini zikiishia humohumo. Sukari huwa ya mwisho kupiga kelele. Ndiyo maana sukari ya 5.6 hadi 6.9 kabla ya kula, au kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu cha asilimia 5.7 hadi 6.4, si namba za kupuuzwa kwa kuwa tu hazijafika kisukari. Mwaka 2023, wataalamu wa kimataifa walipoupa jina jipya ugonjwa wa mafuta kwenye ini, waliviweka viwango hivyo miongoni mwa vigezo vya kuutambua.

Wapo watakaouliza kipi kilitangulia, kwani ini lenye mafuta nalo huacha kuitii insulini na kuendelea kumwaga sukari usiku. Ni kweli, madhara huenda pande zote mbili, na namba peke yake haithibitishi chanzo. Lakini tiba ya mwanzo ni ileile, chochote kilichotangulia. Pingamizi zito zaidi ni kwamba vipimo hupotosha: mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea Afrika Mashariki, seli zake nyekundu hufa mapema, hivyo kipimo cha miezi mitatu huweza kusoma chini ya hali halisi. Hilo linatufundisha kutotegemea namba moja. Kiuno kinachozidi sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke, pamoja na trigliseridi, yaani mafuta ya damu, za milimoli 1.7 kwa lita au zaidi, huweza kufichua kile ambacho sukari imekificha.

Simaanishi kila mtu apigwe altrasaundi. Gharama hiyo hatuiwezi. Futi ya fundi cherehani tunaiweza. Mwenye uzito uliozidi akipunguza asilimia 7 hadi 10, yaani karibu kilo 6 hadi 8 kwa mtu wa kilo 80, mafuta ya ini hupungua na uvimbe wake hutulia. Basi jibu la sukari likija zuri, kiuno nacho kipimwe siku hiyohiyo.