Neno "Inventor": Linaandikwa Namna Gani, na Ni la Nani?



Muhula huu sisi wa mwaka wa mwisho tulisaidia wadogo kusahihisha kaye zao za Kiingereza. Kosa moja lilirudi karibu katika kila kaye: "Edison was a great inventer." Tusiwacheke, juu hata sisi tulikuwa tunaandika vile. Basi tumeona vizuri kulieleza neno hili hapa.

Kwanza, herufi. Kosa linatoka kwa Kifaransa. Kule kitendo ni "inventer" na mutu ni "inventeur". Kiingereza kina njia yake: kitendo ni "invent", na mutu ni "inventor", na "or" kwa mwisho, sawa "doctor" na "director". Ni kweli "teacher" na "driver" yanaisha na "er". Njo maana mutu anachanganyikiwa. Mbele yake tunatia "an", hapana "a": "She is an inventor."

Pili, maana. Hapa Kiswahili kinaweza kutuangusha, kwani tunasema "mvumbuzi" kwa watu wawili wenye kazi mbalimbali. Kuna mwenye kukuta kitu kilichokuwako tayari bila kujulikana: Kiingereza kinasema "discover". Kuna mwenye kutengeneza kitu ambacho hakikuwako: huyu njo "inventor". Hata Kilatini, mama ya neno hili, kilichanganya: "invenire" maana yake kukuta.

Tuchukue mfano wa inchi yetu. Mwaka 1976 ugonjwa ulizuka Yambuku. Daktari Jean-Jacques Muyembe alikwenda kule, na katika damu ya mgonjwa aliyetoka kule wataalamu wakakuta virusi vya Ebola. Virusi vilikuwako, hakuna mutu aliyevitengeneza. Hapo tunasema "discover". Nyuma, kwa damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, yeye na wenzake wa Congo na wa Marekani walitengeneza dawa, mAb114, iliyokubaliwa kule Marekani mwaka 2020. Dawa ile haikuwako mbele. Hapo tunasema "invent".

Vilevile Thérèse Izay, injinia wa kwetu, ni "inventor" wa maroboti yaliyoanza kuongoza magari katika barabara za Kinshasa mwaka 2013. Lakini fundi wa hapa Katuba anayetengeneza redio iliyokufa, hata awe fundi mukubwa, si "inventor", paka siku ataleta namna mpya.

Tatu, muchunge. "He invented a story" inaweza kusema: alitunga uongo. Ukichelewa asubuhi na kusema bisi ilikufa njiani, na kumbe ulikuwa unalala, hapo "you invented" sababu. Lakini hakuna atakayekuita "inventor"!

Mwisho, jambo linalotugusa sisi watoto wa Katanga. Mara mingi tunasoma kwamba Jules Cornet, Mubeleji wa elimu ya mawe, ndiye aliyevumbua shaba yetu mwaka 1892. Tupime neno. Cornet aliyachunguza mawe na kuwaandikia Wazungu habari zake; kazi ile ni yake kweli. Lakini wenyeji walikuwa wanachimba tayari. Katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, walikuta misalaba midogo ya shaba yenye umri wa karne mingi. Kwa hiyo "discover" ni neno la wazee wale kwanza.

Tena hawakuishia kwa kuokota. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makala, wakavuta mivukuto, na jiwe la rangi ya majani likatoa shaba nyekundu. Kila namna ya kuyeyusha ilianza kwa mutu fulani. Jina lake hatuna. Lakini neno "inventor" haliombi jina wala diplome; linaomba kitu kipya kilichotoka katika akili na mikono ya mutu. Basi tukiliandika kwa ajili ya babu huyo, tusikose hata herufi moja.

Kazi: kila mutu aandike sentensi tatu, moja na "discover", moja na "invent", moja na "inventor". Mutuletee kabla ya siku ya tano; tutasahihisha bila kucheka.